Klai

Karani wa bima, Barabara ya Sita,
ana kalamu sikioni na haandiki nayo.
Anabonyeza tu. Umri? Thelathini na mbili.
Ugonjwa wa kudumu? Vumbi, nasema.
Hacheki.
"Kurudisha mwili, tuweke?"

Mwili wa nani, nauliza kijinga.
"Wako, dada. Masharti ya viza.
Matibabu dola elfu hamsini, na mwili urudi.
Bila hivyo hawagongi muhuri."
Nje upepo wa Agosti unakokota mfuko wa saruji
toka Jamatini hadi mlango wa duka la dawa.
Weka, nikasema.
Simu ikalia: muamala umekamilika.
Kifo changu kimelipiwa mwaka mzima,
kuanzia tarehe mosi Oktoba, saa sita usiku,
kwa saa za kule.

Mama, huko Kibakwe, aliacha kupepeta uwele.
"Wamekutia bei?"
Si bei, mama. Ni bima.
"Ng'ombe wa mahari najua bei yake.
Hii sasa ni mahari ya nani?"
Nikamwuliza kama mlenda wa kukausha ulitosha mwaka huu.

Usiku, Nkuhungu, chumba cha elfu arobaini,
najifunza Kithai kwenye simu yenye ufa.
Mwanamke aliye ndani ya simu anasema: maa.
Nasema: maa.
Hapana, hiyo ni mbwa, umeinua mkia wa sauti.
"Njoo" hulala tambarare, kama mbuga ya Bahi.
Ukianzia juu ukabaki juu, umeita farasi.
Maa. Maa. Maa.
Mama Ndahani anagonga ukuta:
"Sechelela, unamwita nani saa hizi?"
Mbwa, namjibu. Na farasi.
Hakuna aliyekuja.

Wichai alinionya. Miaka minne alikaa Winza
akinunua mawe mekundu, akiyatazama kwa jicho moja
kama mtu anayechungulia chumba cha watu.
Alipanga tembe kwa mzee Masinga.
Kibali chake cha kuishi alikishona ndani ya mto,
akikilalia, na kila kilipokaribia kuisha
alikuwa hali, hanunui, anahesabu siku kwa kokoto.
"Mbukwa" yake ilikuwa na kona mahali isipotakiwa;
watoto waliifuata njia nzima, wakiirudia.
Malaria ilipomwangusha tulimpakia bodaboda,
katikati yetu wawili, hadi Mpwapwa,
na mama akauza mbuzi kwa ajili ya dripu.
Alipopona alileta mbuzi wawili.
Mama akapokea mmoja.
Wa pili alizunguka kijiji kutwa, hana mwenyewe.

Sasa ni yeye kaniandikia barua ya mwaliko:
karakana ya kukata mawe, Chanthaburi,
mwaka mmoja, malazi juu ya duka la shemeji yake.
Chini ameongeza kwa Kiswahili chake:
"Huku mvua nyingi. Wewe utashangaa."

Somo la kumi na moja.
Klai, sauti ikilala: mbali.
Klai, sauti ikianguka: karibu.
Nikarudisha nyuma nisikie tena, nikidhani simu imekosea.
Neno lile lile.
Karibu yetu sisi ina mlango ndani yake,
ina kigoda na maji ya kunawa.
Ya kwao haina kitu, ni umbali tu
ulioteleza kidogo.

Nikampigia mama kabla salio halijakata.
"Huko kwenyewe ni mbali?"
Klai, nikasema.
"Ndiyo kusema nini?"
Inategemea, mama, sauti inaangukaje.
Akanyamaza. Nikausikia ungo,
ule mchakacho wa pumba zikijitenga.
"Haya, iangushe," akasema,
"lakini usiivunje,"
kisha akaanza kumfukuza kuku, kwa ukali,
nikiwa bado hewani.