Muhuri wa Kandambili

Nyamba si kijiji. Kwenye makaratasi ya Lindi
sisi ni kitongoji, tumebandikwa ubavuni
mwa kijiji cha ng'ambo kama kupe kwa ng'ombe,
ingawa hatujakubaliana bado nani anamnyonya nani.

Mwenyekiti tunaye: Halfani Nantende,
kura sitini na moja kwa hamsini na nane.
Nilizihesabu mimi, juu ya mkeka, mara tatu,
huku shemeji wa aliyeshindwa akinitazama vidole.
Wazee wa baraza tunao. Kaunta buku ya mihtasari ninayo,
pembe zimeliwa na mende.
Tulichokosa ni muhuri.

Muhuri unalala ng'ambo, kwenye mtoto wa meza
wa mtendaji Ponsiano, pamoja na karanga zake.
Ukizaliwa, unavuka. Ukifiwa, unavuka.
Ukitaka kumshitaki mwenye mbuzi aliyekula mihogo yako
unavuka, nauli elfu mbili, unakuta kufuli:
mtendaji yuko semina
ya utawala bora.

Mwezi wa tatu mjukuu wa Somoe Likapa
alitakiwa barua ya kuhamia shule ya mjini.
Bibi akavuka mara tatu. Mara tatu, semina.
Ya nne hakuvuka.
Alivua kandambili ya kushoto, akaigeuza,
akaichonga soli kwa kisu cha kuparia samaki:
NYAMBA, kinyumenyume, herufi kwa herufi,
ila ile N ya mwanzo ilimponyoka ikatazama kwingine.
Wino alikamua kwa ngisi.

Mwalimu mkuu mjini akainusa barua,
akamnusa na mtoto,
akaandika: Darasa la Nne B.

Basi foleni ikahamia uani kwa Somoe.
Hakutoza hata mia. Lakini aliuliza
ambayo Ponsiano hajapata kuuliza:
Mtoto atalala kwa nani?
Shamba hilo unaloliuza, dada yako anajua?
Wengi waliondoka na karatasi nyeupe, wamenuna.
Halfani mwenyewe alinyimwa, mbele za watu:
hesabu ya tangi la maji haikutimia.
Nikaandika. Akidi ilikuwepo.

Mwezi wa nane akashuka mwanasheria wa halmashauri,
kijana, viatu mkononi, suruali imekunjwa magotini,
akatusomea kifungu, na kifungu kidogo,
na kifungu kidogo cha hicho kidogo.
Kisha akafunga kitabu:
Nani aliwapa mamlaka?

Kuku alipita katikati ya mkutano.
Somoe akanyoosha mguu wa kushoto, peku,
kisigino kimepasuka kama udongo wa kiangazi.
Huu, alisema. Ulivuka mara tatu.

Kijana akauchukua muhuri, akaufunga kwenye leso.
Hapo akasimama Halfani, yuleyule aliyenyimwa,
na sijui hadi leo kama ni wema au ni kinyongo:
Bwana, serikali haichukui kitu bila stakabadhi.

Kweli. Akaandika, mwandiko mzuri wa shule:
Nimepokea muhuri mmoja, wa mpira, rangi ya bluu.
Jina. Sahihi. Tarehe.
Akapapasa mkoba. Akapapasa tena, mifukoni,
mpaka ndani ya kiatu.
Wa kwake ameusahau Lindi.
Akatazama maji, yalikuwa yamekwisha kupwa,
akatutazama sisi. Hakuna aliyecheka.
Tulikuwa mkutano halali.

Somoe akaleta kisahani cha ngisi.

Stakabadhi ninayo, nimeibana ukurasa wa arobaini.
Nakala imekwenda wilayani, imo jaladani, ina namba,
na N yake inatazama kwingine.
Wanasema mvua ikinyesha
masjala nzima inanuka pwani.

Ponsiano bado yuko semina.
Kandambili ya kulia
Somoe ameichomeka darini, juu ya moshi,
ikauke vizuri.