Mirusho ya Jumapili

Kocha Lusangija alinifunga kidude juu ya kiwiko,
chepesi kama kifungo cha shati.
"Kitahesabu mkuki, si wewe.
Hamsini kwa siku. Bega si la kuazima."

Jumamosi, Nyamagana: arobaini na nane.
Nikapanda basi la Magu nacho, nimesahau.

Jumatatu simu yake iliita kabla ya chai.
"Minza, Jumapili hakuna mazoezi.
Hii mia sita na kumi na tatu umerusha nini?"

Udongo, Kocha.
Madongoa ya jaruba la mama,
tangu kweleakwelea walipotoka kwenye matete ya ziwa
mpaka jua lilipowachosha wao, si mimi.
Mpunga uko kwenye maziwa;
ukikaa, unavuna makapi.

Akanyamaza.
Nikajua: jezi imekwenda.

Saa nane pikipiki ikasimama kwenye tuta.
Kashuka na debe tupu na rungu,
raba zake nyeupe za uwanjani zikizama topeni.
"Kaa," akasema.

Akapiga debe hadi magharibi,
akiimba vibaya, Kisukuma cha kwao Kwimba.
Kwenye kioo cha simu, mkono wangu: sifuri.

Kesho yake, wa kukandwa bega alikuwa yeye.