Peni Tatu

Katika bonde la Cwm Llwyd, kule Welisi,
mvua hainyeshi: inakaa, kama mpangaji.
Wanaume waliupasua mlima kuwa vigae
vya kuezekea nyumba za watu wa mbali,
na vilivyovunjika tuliandikia madeni.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na mwandiko mzuri.
Bi Angharad akaniweka nyuma ya kaunta:
unga, chai, mishumaa ya machimboni,
jina kushoto, deni kulia.
"Andika unachokiona, Nest.
Huruma si kazi ya kalamu."

Februari jabali lilimwangukia Gruffudd Prydderch.
Aliacha mjane, buti la kulia,
na pauni kumi na moja, shilingi nne, peni tatu.
Jumatatu akaja mwanawe Ithel,
kijana ambaye ndevu zake zilikuwa hazijaamua.
Nikalikata jina la baba, nikaandika la mwana.
Ndiyo desturi.

"Unga huo niliula mimi?"
"Wewe ulilishwa na nani?" nikamjibu.
Alinyamaza kidogo.
Kisha akakopa tumbaku.

Ukurasa wa baba ulikuwa mmoja.
Kufikia mavuno Ithel alikuwa na minne,
yote yake, kwa kinywa chake na kiu yake.

Jumapili mhubiri Ednyfed alisema "kuhesabiwa" mara tisa.
Nilihesabu; ndiyo kazi niliyoijua.
Kosa la mmoja kuandikwa kwa wote,
haki ya mmoja kuandikwa kwa wengi:
nikawaza, huyu mzee angefukuzwa dukani kwetu
kabla ya saa nne.

Theluji ya kwanza ilimleta Ithel bila kofia.
"Zile alama za chaki kwenye vigae vya Cadfan,
nilizifuta mimi, nikaweka zangu."
Cadfan alikuwa amefukuzwa kazi kwa uvivu,
akafia chumba kisicho na moto.
Cadfan, kaka yake Bi Angharad,
tumbo moja, ziwa moja.

Saa ya ukutani ilisema mambo yake.
Nikangoja aite polisi.
Akanyoosha mkono, akaomba kalamu.

Hakulifuta deni. Nataka hilo lieleweke.
Kufuta kungekuwa uongo, na wino wetu haukufutika.
Alilihamisha, mstari kwa mstari,
hadi chini ya jina lake mwenyewe,
kwenye ukurasa uliokuwa safi miaka arobaini.
Kisha akafungua ukurasa mwingine,
akanakili humo kila alichowahi kulipa,
na juu yake akaandika: Ithel Prydderch.

Wenye ghala wa mjini hawakujua mahubiri.
Walikuja Machi, wakachukua saa, kabati, ng'ombe,
mwisho duka lenyewe.
Kukopa harusi, kulipa matanga;
methali haikusema matanga ya nani.

Ithel alikasirika kuliko siku ya deni.
Kila Jumamosi alibisha kwenye kile chumba cha kupanga,
sarafu kiganjani, jasho juu yake:
"Dawa ya deni ni kulipa!"
"Limelipwa."
"Basi nikupe nini?"
"Chai iko tayari. Keti."

Hakuketi hadi Mei.

Alipoketi, niliziona kucha zake:
vumbi la mwamba ndani, kijivu,
na halikumtoka hadi tulipomzika.
Ukurasa mweupe. Kucha vile vile.

Mimi nilijiona mtu wa pembeni,
shahidi, mkono tu ulioshika kalamu.
Lakini juma lile Gruffudd alipokufa
nilikuwa nimekula peremende za kwenye chupa,
na kwa kuwa maiti hawabishi
niliziandika kwake.

Bi Angharad alipofariki wakaniachia daftari.
Nililifungua jikoni, peke yangu, usiku.
Chini ya jina lake, chini ya jumla ya Ithel,
mstari mmoja kwa mwandiko wake wa kutetemeka:

Nest, peni tatu.