Ngazi Ndani ya Kopo la Achari

Biju wa Ruwi alizihesabu mara mbili,
daiodi kumi na sita, kapasita kumi na sita,
za bluu, bapa, kama vidonge vya kikohozi,
akazifunga kwenye gazeti la kwao, akaniuliza:
una mke?
Nikamwambia, nina mama.
Akaguna, akapunguza baisa mia tatu.

Transfoma sikununua.
Niliing'oa kwenye televisheni ya marehemu baba,
ile ya kabati la mbao, iliyozimika kila penalti.
Ya zamani ndiyo nzuri, haina daiodi ndani;
hutoa umeme mbichi, wa kwenda na kurudi,
kama mtoto anayetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Kazi yangu ni kuufundisha kwenda bila kurudi.
Daiodi ni mlango usio na kitasa upande wa pili.
Umeme unaingia, unakaa kwenye kapasita,
wimbi linalofuata linausukuma ngazi ya juu.
Elfu tatu, sita, kumi na mbili, kumi na nane,
na nililolipenda tangu mwanzo ni hili:
hakuna kapasita hata moja inayobeba jumla.
Kila moja na fungu lake.
Jumla haiko popote ila kule juu, kwenye ncha.

Mwezi wa nane, Mabela.
Hewa unaweza kuikamua kama kitambaa cha jikoni.
Nililehemu usiku, stoo,
baina ya gunia la mchele na viatu vya Idi zilizopita,
jasho likidondokea risasi ya moto, tsss.
Kwenye karatasi: volti elfu arubaini na nane.
Nikawasha.
Badala ya cheche, mnong'ono.
Nikazima taa: kila kiungo kimeota ndevu za zambarau,
umeme unavuja kwa kila ncha niliyoilehemu vibaya,
unaingia kwenye unyevu, bure, bure.
Harufu yake ilikuwa ya mvua.
Mvua hatukuwa tumeiona tangu Machi.

Mwizi ni hewa. Basi hewa itoke.
Nikatwaa kopo la plastiki la achari ya ndimu,
nikaliosha mara tatu, harufu ikakataa kuhama,
nikaisimamisha ngazi yangu ndani
nikamimina mafuta mpaka shingoni.

"Muhana! Mafuta yangu ya sambusa yako wapi?"

Alikuja na mwiko mkononi.
Nikamwambia asimame palepale, asiguse kitu.
Mkono wa kushoto mfukoni, ndiyo sheria;
wa kulia ukabonyeza.

Kimya. Pumzi moja, mbili.
Kisha ta! Nyeupe, ndefu kama kidole cha shahada,
ta! ta!
na kwenye mkono wa mama, chini ya kanga,
vinyweleo vikasimama vyote kama vimeitwa majina.

"Ndiyo hiyo?" akasema.
"Mwezi mzima, na chupa mbili za mafuta?"
Lakini hakuondoka.

Nikazima, nikachomoa betri, nikaiweka mbali,
nikachukua fimbo yenye rezista kichwani.
"Umeshazima. Unaogopa nini?"
"Umeme haujui kama nimezima, mama. Bado umo."
Nikagusa. Pa!
Nikangoja, nikagusa tena. Pa, ndogo.
"Hujirudishia kidogo," nikasema, "ukiiacha peke yake."

Akalitazama kopo.
"Kama ami yako Zahrani.
Ugomvi wa Bujumbura, wa duka la vitenge,
mwaka wa sabini na mbili. Waliomdhulumu washakufa wote.
Mguse umwone."
Tukacheka, mkono wangu bado mfukoni.

Kisha, kwa sauti nyingine:
"Na ukigusa kwa waya mtupu?"
"Hupasuka. Lazima ipite kwenye rezista. Polepole."

Nikaufunga waya juu na chini, ulale hivyo hadi asubuhi.
Sambusa zikakaangwa kwa samli.

Ijumaa, ami Zahrani alipoanza na duka lake,
mama hakumjibu, wala hakuinuka.
Alimwongezea sambusa mbili,
akaisogeza sahani kwa mkono mmoja,
wa pili kaufumbata ndani ya kanga.