Nguvu ya Kiasi

Mimi nilishika miguu.
Niliseme hilo kwanza, kabla mawakili hawajalipiga pasi.

Łódź, Februari, kituo cha tramu mbele ya duka la dawa.
Theluji ya siku ya tatu, ile iliyokwisha kuwa tope.
Bibi Bogumiła akapiga yowe,
na kijana mwenye mkoba akaja mbio upande wetu
kama aliyetumwa kwetu.

Zdzisław, fundi bomba, akamdaka kiunoni.
Wakaanguka. Mtu akasema, "Mshikeni!"
Sijui ni nani. Huenda ni mimi.
Nikapiga magoti, nikakamata vifundo viwili vya miguu,
vyembamba, vya mtu anayekula akikumbuka.

Mkoba ulikuwa umekwisha dondoka.
Hakimu anarudi hapo kila mara, kama mtu anayetafuta funguo:
mkoba ulipokuwa chini,
hatari ilikuwa wapi?

Sikuuona mkoba. Niliona soksi,
imetiwa kiraka kisiginoni kwa uzi wa kijani,
mshono wa mkono uliozoea.
Mimi ni mshonaji. Nikawaza: kuna mtu anampenda huyu.
Na sikuachia.

Kiatu kikanichomokea mkononi.
Sasa kimo ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya meza,
kielelezo namba nne, saizi thelathini na tisa,
chumvi ya barabara imekichora mistari myeupe.

Wakili anasema: nguvu ya kiasi.
Nimepima viuno miaka ishirini na saba,
neno kiasi nalijua kwa vidole.
Lakini anayepimwa husimama wima,
huvuta pumzi, husema, "Hapo panabana."
Huyu alisema nini? Waliokuwa upande wa kichwa
wanaapa kwamba alitukana.
Mimi, upande wa miguu, nilipokea teke,
kisha teke dogo,
kisha nikashukuru kwamba ametulia.

Nilishukuru. Andikeni na hilo.

Dakika nne, imehesabu kamera ya duka la dawa.
Kwetu ilikuwa kama nusu dakika.
Goti la Zdzisław lilikaa kati ya mabega,
naye akitazama juu, barabarani, akiwangoja polisi,
uso wake mpole
kama wa mtu aliyeshikilia mlango ili wengine wapite.

Kijana anaitwa Ziemowit. Hakufa.
Anajifunza upya kufunga vifungo vya shati,
na zile herufi zinazotaka ulimi uguse kaakaa.

"Na kama ningemwachia?"
Zdzisław aliniuliza kwenye ngazi za mahakama, sigara ikimtetemeka.
"Mwaka juzi, kituo hiki hiki, msichana alipigwa.
Watu kumi na wanane wakasoma simu zao.
Nilikuwa mmoja wao. Hukujua?"

Sikujua.
Na sheria haikumuuliza hilo,
maana siku ile, kwa mujibu wa vifungu vyote,
Zdzisław hakufanya kosa lolote.

Ndani ya mkoba mlikuwa na miwani,
vidonge vya presha, zloti kumi na moja.
Kila siku ya kesi Bibi Bogumiła humletea mwokozi wake
chupa ya jamu ya plamu.
Jana alibeba mbili.
Ya pili akaiweka kwenye benchi la upande mwingine,
kando ya mama mwenye vidole vya uzi wa kijani.
Hawakusemezana.
Mama hakuigusa ile chupa. Wala hakuirudisha.

Husemwa wema hauozi.
Basi na ukae, tuuone utakavyokuwa.

Kesho ni zamu yangu kizimbani.
Wataniuliza: shahidi, ulitambua lini kwamba amelegea?
Vidole vilitambua mapema.
Havikuniambia.
Au viliniambia,
na mimi nilikuwa nikiitazama soksi.