Kengele Mbili

Jana jioni askari Sankung alikuja na bisibisi.
"Sambujang, kesho hakuna baiskeli karibu na kituo.
Kengele hiyo unaing'oa wewe, au naing'oa mimi?"
Niliing'oa mwenyewe. Skrubu mbili, kutu nyingi.
Nikaitia mfukoni, nikaisahau humo.

Hapa Gambia kura hatuiandiki.
Kura ni gololi.
Unaidondosha katika bomba la pipa,
ndani inagonga kengele, ngi!
kisha inazama kwenye unga wa mbao
na kunyamaza kati ya wenzake.
Sasa mlio wa kura na mlio wa mkate wangu
ni mama mmoja, baba mmoja;
ndiyo maana siku hiyo baiskeli huwa mtuhumiwa.

Alfajiri nikajitwika mikate sitini.
Miaka kumi na tisa nawaita kwa kengele;
leo nabisha hodi kwa kiganja,
na kila mlango unafunguliwa na uso
wa mtu aliyekuja kupokea msiba.
"Mkate tu," nasema. "Mkate tu."

Kituoni foleni ilikuwa imefika kabla ya watu:
jiwe, kopo la maziwa,
tofali lenye jina la mtu kwa chaki.
Kandambili ya Filije imelala
nyuma ya jiwe la mtalaka wake,
hazisemeshani.
Jua lilipopanda wenyewe wakaja,
kila mtu akasimama juu ya kitu chake,
na Filije akaliambia lile jiwe:
"Ningejua nitakuwa nyuma yako tena,
ningelala."

Ndani amekaa mwalimu Manyima.
Kazi yake leo ni sikio.
Wengine wanakagua kadi, wanachovya vidole katika wino;
yeye amefumba macho,
na kila ngi inapolia anatikisa kichwa kidogo
kama mtu anayeonja chumvi.
Ngi moja, pita.
Ngi mbili, simama.

Zamu yangu. Pazia. Mapipa matatu,
na picha tatu zinanitabasamia
kama wateja wanaotaka mkopo.
Rangi sitaji. Hata mke wangu hajui.
Gololi ilikuwa imeshika joto la kiganja,
nzito kuliko nilivyodhani.
Nikainama kutafuta mdomo wa bomba.

Ngi.
Ngi.

"Kengele mbili!"
Mawakala wa vyama wakainuka kwa pamoja,
huko nje mazungumzo yakakatika.
Sankung akaja mbio, akanipapasa:
makombo, leso, kadi,
na hii hapa, kengele ya baiskeli,
inameta bila haya.
"Ipi ilikuwa kura?"
Wallahi, hata mimi sikujua ipi ilitangulia.
Wakala mmoja anataka pipa lifunguliwe,
mwingine anataka mimi nifungwe,
wa tatu anauliza kama mkate umebaki.

Manyima hakufumbua macho.
"Ipige hiyo ya mfukoni."
Nikaipiga.
"Tena."
Nikaipiga.
"Ya kwanza mkate. Ya pili kura. Anayefuata."

Kengele ikatiwa kwenye bahasha,
gundi, muhuri,
na saini za mawakala wote watatu,
jambo pekee walilokubaliana siku nzima.

Jioni wakazimimina gololi kwenye ubao wa matundu.
Nilitafuta yangu. Ujinga, najua.
Mia mbili, na mia mbili nyingine,
kila moja imekaa shimoni mwake,
hakuna iliyogeuka kuniangalia.
Jina la mshindi lingekuja na redio, usiku sana,
na mimi unga wa kesho nilikuwa sijaukanda.

Nyumbani Sirreh akauliza habari za mikate.
"Imebaki minne."
"Na kura?"
Nikaitikisa bahasha.