Kistari cha Kutoa

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri, simu.
Ni Tjitske, mwenye ng'ombe ng'ambo ya tuta. Hakunisalimu.
"Njoo uone. Mfereji umekuwa tope,
na pampu yako bado inakunywa."

Nikavaa buti juu ya nguo za kulalia.
Huku Friesland tunalima chini ya usawa wa bahari;
pampu ikisinzia, ng'ombe huoga bila kupenda.
Leo ilikesha. Ilinyonya mpaka samaki wakalala ubavu,
vinywa wazi, kama watu waliokatwa kauli.

Kosa ni langu.

Tuna vihisi vya aina tatu.
Cha kwanza husema kwa sentimita, kikihesabu kutoka bahari kushuka.
Cha pili, kwa milimita, kutoka pua yake mwenyewe:
kinaning'inia darajani kama popo.
Cha tatu hakisemi mpaka kiulizwe,
na hujibu kwa saa za majira ya baridi, hata Julai.
Hakuna mwongo kati yao.
Kila kimoja kinasema kweli kwa lugha ya mama yake.

Na juu kuna wingu,
si hili linalotunyeshea tangu Jumatatu,
ni lile la seva zinazonguruma sijui wapi,
linalotaka jina moja, kipimo kimoja, saa moja,
wala halina subira na lafudhi za watu.

Katikati mimi, mkalimani,
na kisanduku cha plastiki ukutani pa nyumba ya pampu.
Mistari mia nne ya tafsiri:
hiki kigawe kwa kumi, kile kigeuze,
yule muongezee saa Machi ikiisha.
Juzi niliusafisha mstari mmoja. Ndivyo tunavyoita: kusafisha.
Kistari cha kutoa kikadondoka.
Hasi mia na ishirini ikafika winguni bila hasi yake.
Wingu likaona mafuriko,
likaamuru kama nilivyolifundisha.

Nilipokuwa na miaka saba nilimtafsiria bibi hospitalini,
maana alikataa katakata kusema Kiholanzi na watu wenye koti jeupe.
Alisema nyonga haimuumi.
Nikasema inamuuma.
Silabi moja tu. Wakamchoma sindano,
naye akanitazama kwa jicho
ambalo leo samaki wamenirudishia.

Nilikirudisha kistari kwa simu, kidole kikiwa na tope,
mara mbili, maana cha kwanza kiliingia pasipo pake.
Pampu ikakohoa, ikanyamaza.
Tjitske alishaleta ndoo.
Tulibeba samaki mpaka mfereji wa jirani, safari kumi na moja,
bila neno, si Kifrisia, si Kiholanzi.
Wa mwisho, mkunga mweusi, mnene kama mkono wangu,
alinichapa mkia wa uso.
Huyo sikuhitaji kumtafsiri.